Mashine ya Kupandisha Presha

Jumatatu, 3 Septemba 2012. Kakuma
Shimo la choo limefika futi kumi na nane. Ekal chini na sururu, mimi juu na kamba. Nimesinzia tena, nimesimama wima. Ndoo ya mawe imemshukia. Mfupa wa bega umechomoza nje ya ngozi. Nduguze wamenipiga fimbo mpaka moja ikavunjika. Sikujikinga. Walikuwa na haki.

Jumatano, 5 Septemba
Mgongo umevimba. Barasa, tunayelala naye chumba kimoja cha mabati, anasema nakoroma kama trekta halafu nanyamaza kabisa, pumzi hakuna.
“Kioko, wewe unakufa mara ishirini kabla jogoo hajawika.”
Nami nilidhani ni jinamizi. Kila nikilala naota mtu ananikaba.
Msimamizi amenitoa kwenye kamba. Nisipotibiwa kufikia mwisho wa mwezi, niende kwetu Kitui. Bora Kitui kuliko kuua mtu.

Jumatatu, 10 Septemba. Lodwar
Daktari amenieleza: nikilala, koo linaziba. Ameniazima mashine. Ina bomba na barakoa ya kufunga puani. Akasema, “Koo likianza kuziba, yenyewe inapandisha presha mpaka lifunguke.” Nimeyakariri maneno yake nisiyasahau njiani.
Ekal amelazwa huko huko. Nikamwambia ejok, salamu ya Kiturkana. Akageukia ukuta.

Alhamisi, 13 Septemba. Kakuma
Barasa aliuliza mashine inafanya nini. Nikamwambia kama nilivyoambiwa, neno kwa neno.
Juzi na jana nimelala kama pono. Kichwa chepesi. Nilikuwa nimesahau raha hii.

Jumatatu, 17 Septemba
Siku ya tatu naamka nakabwa, barakoa usoni, hewa hakuna. Jenereta inanguruma, umeme upo. Swichi ya mashine imezimwa. Si mimi niliyeizima. Nimebeba kokoto kutwa huku nataka kumpasua mtu kichwa.

Jumatano, 19 Septemba
Mapumziko ya mchana nilivaa barakoa nikajifanya nimelala. Mkono ukaja kwenye swichi. Wa Barasa.
Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akaanguka. Nikamkalia kifuani, nikamkaba koo kwa mikono yote miwili. Macho yalimtoka. Nilitaka afe, naandika kweli. Vibarua wanne ndio walionibandua.
Alipopata sauti akatema damu na meno mawili.
“Kichwa maji wewe! Mama yangu amekufa kwa presha. Watu wanameza dawa ishuke, wewe unaleta mashine ya kuipandisha!”
Vibarua wengine wakaniangalia. Nao walikuwa wanafikiri hivyo hivyo. Hata mimi neno hilo liliniogopesha Lodwar, nikaona haya kuuliza.
Nikamwekea barakoa juu ya damu. Nikawasha.
“Ni upepo tu,” akasema. Akaanza kulia. Nikatoka nje.

Ijumaa, 28 Septemba
Siku tisa bila kusinzia. Msimamizi amenirudishia kamba. Hakuna aliyekubali kushuka. Walisimama kivulini wakinicheka: “Shuka wewe, sisi tuna watoto.”
Barasa akaweka chini mwiko wa saruji, akavua shati, akachukua sururu, akashuka. Hakunitazama.
Ndoo thelathini na moja. Zote nimezipandisha polepole.
Jioni nimempikia uji. Ugali bado hawezi kutafuna.