Ghorofani kwa Zuwena

Ibra, Alkhamisi, Agosti 2008

Joto, na upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nimechoka na nafsi yangu.

Leo nilimpeleka mama kwenye tiba ya magoti. Tulipotoka akaniambia nipite barabara ya sokoni, na hapo ndipo tulipoiona Ghorofani inavunjwa. Kibao kimeshushwa, madirisha ya juu hayapo, wafanyakazi wanatupa mbao chini. Duka lenyewe lilifungwa zamani, watu walipohamia kwenye maduka mapya ya njia kuu, lakini jengo lilibaki na mimi nilizoea kulipita bila kulitazama.

Mama akasema, "Simama kidogo." Nikasimama.

Lilikuwa na jina lake la Kiarabu kibaoni. Sisi Waswahili wa hapa Ibra tuliliita Ghorofani, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya tisini hatukuwa na duka jingine la kupanda ngazi. Chini kulikuwa na vitambaa vya kushonea kanzu za dishdasha, saa za ukutani, chupa za chai, mablanketi mazito yenye picha ya chui. Juu kulikuwa kwa wanawake na watoto. Ukifika ngazi ya mwisho unapokewa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya vitambaa vipya iliyochanganyika na udi.

Huko juu muuzaji alikuwa Zuwena, mtu wa Unguja, mnene, mcheshi. Alkhamisi baada ya alasiri wanawake wetu walikusanyika kwake, na wengi hawakuja kununua. Walipapasa vitambaa, wakavigeuza, huku wakinywa chai ya tangawizi aliyoificha chini ya kaunta, na Kiswahili kikitiririka.

Mama alizaliwa Tabora, akaja huku Oman mtu mzima na Kiarabu cha kuombea chumvi tu. Sokoni alikuwa bubu. Ghorofani alikuwa mtu. Zuwena akimwona tu anapanda, anapaza sauti, "Bibi wa bara huyo! Mpisheni, kaja na maneno yake!" Mama anacheka mpaka anashika kaunta.

Sasa niandike lile ninalolikwepa.

Mimi nimetoka mweupe, rangi ya baba. Mama ana rangi ya bibi yangu wa Tabora. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, siku chache kabla ya Idi, tuko juu tunachagua kitambaa changu, mara wakapanda wasichana watatu wa darasani kwetu. Mmoja wao, Moza, alikuwa mgeni, ametoka kwao milimani, Dima wa Tayyin, kuja kusoma mjini. Akamtazama mama, akaniuliza huyu nani.

"Shaghala wetu," nikajibu. Mtumishi wetu wa nyumbani. Kwa Kiarabu safi kabisa.

Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Sikugeuka.

Baada ya Idi ile aliacha kwenda Ghorofani. Alisema ngazi zinamchosha. Alkhamisi zake akawa anakaa uani peke yake, anachambua mchele. Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Moza sasa tunafanya kazi ofisi moja. Ni mtu mwema, kwao nimekwenda mara nyingi, na yeye sijamkaribisha kwetu hata siku moja. Kila mara nina udhuru. Mwaka jana aliniuliza, kwa wema tu, yule shaghala wenu bado yupo? Nikamwambia amerudi kwao.

Mama alikuwa nyumbani saa ile, ananisubiri tule.

Basi leo, ndani ya gari, nikasikia mdomo wangu unasema. Labda ni uchovu, sikuwa tena na nguvu ya kunyamaza.

"Mama, siku ile kabla ya Idi, Moza aliponiuliza wewe nani..."

Mama hakuondoa macho kwenye jengo.

"Nilikusikia," akasema. "Neno lile nalijua. Ndilo neno la mwanzo la Kiarabu nililojifunza nchi hii. Sokoni walikuwa wakiniita hivyo hivyo."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Mbele ya wenzio? Ulikuwa ushasema. Nikachukua mifuko yote, nikashuka nyuma yako. Kwenye gari nikakuachia kiti cha mbele karibu na baba yako, nikakaa nyuma mimi, ili wakichungulia dirishani wasikuone muongo. Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Miaka yote hii nimekumbuka neno langu tu, yeye alifanya nini sikuwahi hata kujiuliza.

Nilimwomba radhi huku nalia kama mtoto, kamasi na machozi. Akanifuta kwa ncha ya shela yake. "Nishakusamehe zamani, mwanangu. Yallah, washa gari, tutaungua humu."

Kasamehe. Nilidhani nikisamehewa nitapumua. Lakini sasa ni magharibi, namsikia anasoma Kurani chumbani kwake, na kifua bado kizito. Kwa sababu yeye amesamehe la mtoto wa miaka kumi na tatu. Lile la mwaka jana, la mtu mzima mwenye mshahara wake, sikumwambia.

Jumamosi tunarudi kazini. Nataka nimwite Moza kabla ya chai, nimwambie aje kwetu, na akija nimkalishe karibu na mama nimwambie huyu ndiye aliyenizaa, hajaenda popote.

Naandika hapa ili nione haya kurudi nyuma. Je, nikimwona Moza mlangoni, nitaweza kulisema, au nitatafuta udhuru mwingine?