Mutoto Anafanana Nani

Malika binti yangu,

Huku Lubunga tuko, mvua tu ndiyo inatusumbua. Mimi nasema, jirani Angélique anaandika.

Foto ya mujukuu wangu ilifika. Watu wakauliza anafanana na nani, nikajibu: "Na mimi!" Nilidanganya. Dawa ya kansere imekula macho yangu. Naona kofia yake, naona miguu, lakini pale sura iko, naona doa nyeusi tu. Nilificha miezi mitatu, sababu niliogopa dokta atasimamisha dawa na kansere irudi. Sasa ameisimamisha, lakini macho haikurudi.

Angélique anasema kweli anafanana na mimi. Lakini yeye ananihurumia. Malika, wewe uniambie: mutoto anafanana na nani?

Mama yako,
Hadidja