Kanyaga, Shikilia

Tarehe 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti la shangazi limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anazunguka uani na mkongojo wake, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida. Ukipigiwa simu unaguna tu, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Baba, nimemvua Ajuza turubai. Gari limelala uani miaka sita, buibui wamejijengea mji mzima humo, lakini nilipofungua mlango ile harufu ya viti ikanipiga usoni, nikalia peke yangu. Injini imekubali siku ya tatu. Sasa nataka nimtie breki nzuri, nipande naye mlima hadi huko kwa shangazi, nishuke na wewe.

Mama nimemwambia. Amesema: "Akiweza kukaa kwenye gari lile akateremka nalo, mlango uko wazi. Kwa miguu asije. Nimechoka kuombwa radhi kila asubuhi, nataka mume anayepanda gari." Unamjua akishasema.

Nielekeze nianzie wapi. Riziki yangu ni ile ile ya cherehani, kwa hiyo mambo makubwa siyawezi.

Mwanao,
Kanyaga

Tarehe 19 Machi

Binti yangu Kanyaga,

Marahaba. Mimi mzima. Goti la shangazi yako linatabiri mvua kuliko redio. Msalimie mama yako, kama atapokea salamu zangu.

Muuze Ajuza kwa kilo. Nakwambia kwa mapenzi. Kila nikisinzia, mguu wangu unakanyaga breki na kanyagio linazama, linazama, sakafu haipo, na mama yako pembeni yangu anatengeneza kitambaa chake kichwani kwa utulivu, kana kwamba tumeshafika. Halafu ule ukuta uliomvunja mguu. Naamka nimekunja vidole vya mguu.

Ila ubishi huo najua umeurithi kwa nani. Kama ni lazima, usidanganywe na diski za matobo na rangi za kung'aa. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, utafute ndugu yake Ajuza, gari la aina yake lenye injini kubwa. Diski zake za mbele ni pana zaidi, na kalipa zinazobana pedi zake zinakaa kwa Ajuza bila kuchonga kitu. Pima kwanza kama rimu zako zitazifunika bila kugusa. Pedi ziwe mpya, mipira ya kupitisha mafuta iwe mipya, mafuta ya breki mapya. Hapo usibane hata kidogo. Ngoma za breki za nyuma zisafishe tu. Mwisho utoe upepo wote uliomo kwenye mafuta.

Kuja siji.

Babako

Tarehe 30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi wazima, mikono yangu tu ndiyo imekuwa ya fundi gereji, wateja wanaogopa kunipa vitambaa vyeupe.

Kila kitu nimefunga. Diski na kalipa nimezipata kwenye gari lililogongwa nyuma, mbele zima. Lakini upepo hautoki, Baba. Jirani yangu muuza viatu amenikanyagia mpaka amechoka, chupa mbili za mafuta zimekwisha, na kanyagio bado linazama kama lile la ndotoni kwako. Nimekosea wapi?

Nilipokuwa nalala chini ya gari nilikumbuka zile jioni zetu za utotoni mwangu. Mimi ndani, miguu haifiki vizuri, naona kofia yako tu inapita dirishani, na sauti yako inatoka gurudumuni: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilidhani unaongea na gari. Niliamini siku moja litakujibu, na jina la Kanyaga likanibakia mimi.

Nijibu upesi.

Kanyaga

Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita bila neno lako. Nimemfunika Ajuza tena. Mama haulizi, ila jana nimemkuta amesimama kando ya turubai.

Mwanao

Tarehe 11 Juni

Binti yangu,

Marahaba, na nisamehe. Barua yako nimelala nayo chini ya mto. Nilijua ulipokosea tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu kanyagio likisimama, sina tena pa kujificha.

Ile mipira ya mbele ya Ajuza niliiona imepasuka wiki mbili kabla ya ukuta. Magari ya watu yalikuwa yamepanga foleni gerejini kwangu, nikasema letu litangoja. Mama yako hajui. Kila asubuhi nilimwomba radhi, lakini hilo sikulitaja. Naona aibu, mwanangu.

Sasa sikiliza. Tazama kalipa zako. Nati ya kutolea upepo iko juu au chini? Nadhani iko chini. Kalipa ya kulia umeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Zinakaa vizuri, zinakudanganya, lakini upepo hupanda juu na mlango wake umeuweka chini. Si kosa lako. Miaka yote ulikuwa ndani unakanyaga, upande wangu hukuwahi kuuona.

Babako

Tarehe 25 Juni

Baba,

Shikamoo. Zilikuwa chini. Nimezibadilisha.

Muuza viatu alikuwa kazini, sikuwa na wa kunikanyagia. Nikasikia mkongojo. Mama akafungua mlango wa dereva, akaketi, akasema, "Niambie." Nikalala chini, nikasema maneno yako yale yale. Alikanyaga kwa mguu mbovu, Baba, makusudi. Upepo ukatoka mwingi, mapovu, mapovu, kisha mafuta matupu. Akasema, "Limesimama. Gumu."

Nilimsomea barua yako tukiwa pale pale. Akasema: "Mipira hiyo niliiona. Mimi ndiye niliyemshikia taa, na mimi ndiye niliyesema twende tu, tutafika. Nimekuwa nikingoja anyamaze na radhi zake ili nami niseme yangu."

Mtaani nimejaribu mara kumi, Ajuza anasimama pasipo kuvuta upande. Jumamosi ya tarehe sita nitakuja.

Kanyaga

Tarehe 6 Julai

Binti yangu,

Hii siipeleki posta. Nitaikunja mfukoni, nikukabidhi tukifika, mama yako akiwepo.

Nimeamka mapema, nimevaa, nimekaa barazani na begi langu. Usiku nimeota mteremko tena, ila safari hii sikufika ukutani, niliamka tungali njiani. Shangazi yako ananicheka, anasema bwana harusi gani huyu mwenye mvi. Kuna ukungu, siuoni mlima, lakini injini ya Ajuza naisikia inapanda, naijua kwa kikohozi chake. Ninaogopa, mwanangu.

Nitakuomba unipishe usukani. Wewe kaa pembeni yangu, na tukifika penye ule ukuta, uniambie: kanyaga.

Babako