Siku Mukawa Ulipopimwa kwa Zebaki

Mukami mjukuu wangu,

Sisi huku Kiritiri ni wazima. Mbuzi wa mjomba wako amezaa mapacha, na goti langu bado linalalamika, lakini kanisani nafika.

Umeniuliza kama mukawa, ule mti wa miiba mnaoupima huko chuoni, ulishusha presha kweli zamani.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, tulikaa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Mengine ya huko tuyaache. Mama mkwe wangu alikuwa mganga wa miti shamba, na kichwa kinachogonga alikitibu kwa mizizi ya mukawa. Kila dawa aliinywa yeye kwanza, mgonjwa akiona. Dresa wa serikali, yule mhudumu wa zahanati, alipotuletea kipimo cha presha, mama mkwe akamnyooshea mkono.

"Nipime mimi. Ndimi ninayekunywa kwanza."

Zebaki ikapanda ndani ya kioo, ikaanza kurukaruka. Nilikuwa nauona moyo wa mtu ukipiga, Mukami. Dresa akasema presha iko juu. Mama mkwe akanywa mukawa wiki nzima, akapimwa tena, na zebaki ikasimama palepale.

Akakitazama kile kioo. "Basi kwa hili, sijui."

Nilidhani watu watamkimbia, kumbe walizidi kuja. Tangu siku ile, akisema anajua, waliamini.

Kwa hiyo pima bila woga, mama. Labda utaona ambacho kioo kile hakikuona. Ukija nitakuchimbia mizizi, lakini nitakunywa kwanza.

Nyanya yako,
Ciarunji