Funda la Maji kwa Kabula

Jumanne, 7 Januari
Kichwa hakiumi. Nimelala vizuri, nimeamka mara mbili kukojoa. Nimekula ugali na sato, nikaongeza. Mkojo mweupe.
Mwanangu Kabula ndiye aliyeniachia hili daftari. Alisema wao huko mlimani huandika hivi kila asubuhi, kichwa, usingizi, chakula, mkojo, basi na mimi niandike ili asiwe peke yake kwenye upuuzi huo. Yeye yuko Ekuador anapanda volkano. Mimi niko Igombe napanda kitanda.
Miaka minane anaongoza wageni Kilimanjaro. Mmoja wa wageni hao, mama wa Kijerumani anaitwa Ruth, alishindwa kutembea kule juu, Kabula akamshusha mgongoni. Sasa mama huyo anamlipa wema kwa kumpeleka milima mikubwa zaidi. Wazungu wana shukrani za ajabu. Mimi ukinishusha mgongoni nitakupa kuku.

Alhamisi, 9 Januari
Kichwa hakiumi. Mkojo sijautazama, kulikuwa na mvua.
Kabula katuma ujumbe wa sauti. Wamemaliza mlima wa pili, umepita mita elfu tano. Anasema mchana wanapanda juu, wanashuka kulala chini, kesho wanapanda juu zaidi, wanashuka tena. Damu izoee hewa nyembamba. Nimemjibu kwamba huo ni mwendo wa mlevi anayetafuta kwake. Kacheka mpaka akakwama.
Kiongozi wao ni mwenyeji wa huko, Segundo. Kwenye barafu Kabula anafungwa kamba nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Hakupenda nilivyosema. Kazoea kutangulia.
Mama Kabula bado ananinunia kwa ajili ya siku ile ya safari. Mtoto alikuja kuchukua baraka. Kwetu mzazi anajaza funda la maji mdomoni, anampulizia mtoto kifuani, anamwambia nenda urudi. Mama yake kaleta kikombe, mtoto kapiga magoti. Mimi nikayanywa yote. Nikasema maji matamu haya, baraka utaikuta ukirudi. Kabula alicheka. Mimi nilicheka. Mama yake alichukua kikombe akaenda kukiosha.

Jumapili, 12 Januari
Kapanda volkano ya Cotopaxi. Kaizidi Kilimanjaro kwa mita mbili. Mita mbili ni mimi nikisimama juu ya ndoo. Nimemwambia hivyo.
Picha nzuri. Meno yote nje. Nimewaonyesha wanawake wanaoanika dagaa, mmoja akauliza huyo mtoto anatafuta nini huko. Nikamwambia, mita mbili.
Ujumbe wake wa leo una kikohozi ndani.

Jumatatu, 13 Januari
Sijalala vizuri.
Nimemuuliza kuhusu kikohozi. Akatuma sauti, anaongea chini chini. "Baba, usimwambie mama. Hata Segundo sijamwambia. Nikisema nakohoa ataniacha chini, na umebaki mmoja tu, ule mkubwa."
Nikamuuliza, angekuwa mgeni wako kule Kilimanjaro, ungemfanyaje? Akasema angemshusha siku hiyo hiyo.
Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, basi shuka. Neno moja. Mimi nikamjibu kwamba afadhali akohoe, akipotea kwenye ukungu watamsikia kama injini ya mtumbwi.
Kacheka, akakohoa, akakata.
Mimi ni mjinga. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayenijibu ndiyo.

Jumatano, 15 Januari
Wamefika kibanda cha chini ya Chimborazo, ule mlima mkubwa. Wataondoka saa sita usiku ya kwao. Huku itakuwa kesho saa mbili asubuhi, jua limeshatoka. Mtoto anapanda gizani na mimi nakunywa chai.
Katuma picha yuko mlangoni pa kibanda. Uso umevimba. Anasema kifua kimetulia. Simwamini. Nilimfundisha mwenyewe kudanganya, nikijifanya sijui nani kamaliza sukari.
Niliandika: usipande. Nikafuta. Niliandika tena. Nikafuta. Nikatuma kidole gumba.
Mama Kabula kauliza mara tatu mtoto anaendeleaje. Mara tatu nimesema mzima.

Alhamisi, 16 Januari
Nimeua simu.
Ilikuwa saa mbili kasoro. Mama Kabula yuko ufukweni anageuza dagaa. Nilifungua ile picha ya kibandani, nikaisimamisha mezani kwa kuiegemeza kwenye birika. Nikajaza kikombe. Nikajaza funda. Nikaona aibu, mzee mzima, nikatazama kama kuna mtu mlangoni. Hakuna. Nikampulizia kifuani, nikasema nenda urudi. Funda la pili la uso, kwa ajili ya ule uvimbe. La tatu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.
Ile simu ina ufa kioo kizima. Kabula ndiye aliyeniachia alipopata mpya. Uso wake ukawa na mistari, ukawa wa kijani, ukazimika.
Nimeifuta na shuka. Nimeianika juani kati ya dagaa. Nimeifukia kwenye mchele. Hakuna kitu.
Simu ya Mama Kabula ni kitochi cha vitufe, na huko aliko mtoto hakuna aliye na namba yake. Namba za Ruth na za mtoto zote zimo ndani ya ile maiti.
Saa tisa alasiri walitakiwa kuwa kileleni. Nilikaa nje kutazama ziwa. Lilikuwa limetulia kabisa, halijui lolote.

Ijumaa, 17 Januari
Nimepanda bodaboda mpaka Kirumba mjini kwa fundi simu. Kijana mpole, maamkizi yake marefu. Kafungua, kainusa.
"Mzee, hii uliitumbukiza ziwani?"
Nikamwambia niliibariki. Akatazama ndani tena, akasema basi baraka imefika mpaka kwenye betri. Siku nyingine ningempenda sana huyu kijana. Leo nilitaka kumpiga. Kaniambia nirudi kesho, inakaushwa, haahidi kitu.
Nimerudi kwa miguu kipande kizima cha njia kwa sababu sikutaka kufika. Mama Kabula ameuliza. Nimesema mtandao wa huko unasumbua. Akaniangalia.
Siku ya pili sijui kama mwanangu yu hai.
Sijala. Kichwa kinauma. Andika hiyo.

Jumamosi, 18 Januari
Imewaka. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya fundi, akanivutia kigoda.
Ujumbe mmoja wa Ruth, wa juzi jioni. Ameuandika kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: Kabula ameanguka mlimani. Yupo hospitali. Mapafu yana maji. Tafadhali pokea simu. Chini yake, simu nilizopigiwa zikakosa kupokewa. Kumi na moja.
Mapafu yana maji.
Nimeyasoma hayo mbele ya watu, kati ya vioo na betri. Mafunda matatu. Kifuani. Nilitaja kifua. Nani kaniambia nipulizie kifuani mtu mwenye kikohozi, na hasira za mama yake bado ziko kwenye kikombe?
Najua haiwezekani. Nilifika darasa la sita, si kwamba sikufika kokote. Lakini nilipanda bodaboda nikilia, na dereva akajifanya anatazama barabara.
Simu ya mtoto imezimwa. Nimempigia Ruth mara tisa. Inaita, hapokei. Huko walikuwa wamelala. Au wanafanya kingine kinachofanywa na watu wasiopokea simu.

Jumapili, 19 Januari
Mama Kabula hakwenda kanisani. Alikaa mkekani akasema hatoki hapo mpaka nimwambie.
Nimemwambia. Yote. Hospitali, simu, mafunda matatu. Nikamwambia maji yaliyo kwenye mapafu ya mtoto ni ya mdomoni mwangu. Nikamwambia pia habari ya kikohozi tangu Jumatatu, nikaipitisha haraka haraka, kama mtu anayepitisha samaki wachanga mbele ya ofisa wa uvuvi.
Alikisikia hicho tu.
"Maji yako yaliingia kwenye simu, Baba Kabula. Hayakufika Ekuador. Ila ulijua anakohoa, ukakaa naye unacheka."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Kweli ndiyo hiyo. Nilitaka liwe kosa la maji.
Tumempigia Ruth pamoja tangu saa tisa. Ikawa haipatikani kabisa. Mama Kabula akaomba. Mimi nikakaa karibu, nikasema amina mahali panapotakiwa, na mahali pasipotakiwa.

Jumatatu, 20 Januari
Saa kumi jioni simu ikaita. Ruth. Akasema shikamoo, hata sikuitikia marahaba. Akasema ngoja, nampa.
Sauti ilikuwa ya kikongwe. "Baba."
Yu hai. Nimeandika. Yu hai.
Alisimulia kidogo kidogo, anapumzika katikati. Walikuwa wamebakiza kama saa mbili kufika juu. Segundo alihisi kamba inavutwa, akageuka, akamkuta amekaa kwenye barafu, kifua kinachemka kama sufuria. Hakumuuliza kitu. Alimshusha. Kundi zima likashuka, hakuna aliyefika kileleni, hata Ruth. Kabula anasema aliwaomba wamwache wapande. Siku nne yuko kwenye hewa ya mtungi. Sasa wamemtoa mrija mmoja.
Nikamwambia, nilipaswa kukuambia ushuke. Nilijua. Nikaleta mzaha.
Akakohoa kwanza.
"Nami nisingeshuka, baba," akasema. Halafu, "Nitanie kidogo basi."
Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Mtu ambaye nimetania misibani, nimemtania padri, nimemtania ofisa wa kodi. Sikupata hata moja. Nikamwambia usiongee tena, pumua tu, mimi nipo.
Mama yake akasogea. Tukaweka simu katikati yetu kwenye mkeka. Tulimsikia anavuta, anatoa. Anavuta, anatoa. Kuna mahali pana mkwaruzo, halafu panapita. Nadhani alisinzia. Hakuna aliyegusa simu mpaka bando likaisha.