Kabla Sijashuka Duarani

Baba mdogo,

Kamwene. Karakana yetu hapa Iyunga bado iko wazi, ila siku hizi anayeifungua ni mimi, na ninaogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu pekee niliyeweza kumwambia naogopa bila kuona haya.

Tangu tukuzike Ilula sijakalia kiti chako. Nakaa kwenye kreti la soda, kama zamani. Kisanduku cha winchi ya Mzee Sanga, kile ulichokiacha nusu, nimekimalizia. Unakijua: ndicho kitakachoendesha ndoo inayoshusha na kupandisha wachimbaji wake kule Makongolosi, na kuisimamisha kwenye mdomo wa duara, lile shimo la kuchimbia. Ile sehemu ya programu inayohesabu mita ulinipa niandike mimi, ukiwa hospitali. Ulisema, "Nakuamini, mwanangu." Laiti ungeikagua.

Mzee Sanga alipiga simu. "Binti, vijana wanavuta kamba kwa mikono. Jumamosi nije kuchukua?"

Kulikuwa na njia mbili za kukipima. Ya kwanza, kila kitu ndani ya kompyuta: programu humo, winchi ya kuigiza humo. Chai haijachemka, ndoo imeshapanda na kushuka mara mia. Ya pili ni ile uliyoipenda: kisanduku chenyewe mezani, nyaya zimechomekwa kwenye kompyuta, kompyuta ikijifanya winchi. Hiyo haina haraka. Kila safari huchukua muda wake kamili, nawe umekaa unatazama.

Nilichagua ya kwanza. Nakiri. Haikukosea hata mara moja, nikafurahi, nikaanza kukifunga kwenye boksi. Ndipo nikaona buti zako nyuma ya mlango, bado zina udongo wa Makongolosi. Nikakumbuka sheria yako: aliyetengeneza kisanduku ndiye wa kwanza kuingia kwenye ndoo. Nikajiuliza kama ningeingia. Nisingeingia. Sasa vijana wa watu ningewaingizaje?

Nikakitoa. Nikachomeka nyaya. Siku mbili nzima, safari zote sawa. Lakini wewe ulikuwa ukisema, "Kompyuta haijui jirani kawasha karasha." Kule machimboni, karasha la kusagia mawe linakula umeme wa jenereta ileile ya winchi. Mimi karasha sina, nina grenda yako ya kukatia vyuma. Nikaichomeka pamoja na kisanduku, nikaiwasha wakati ndoo imekaribia juu. Taa ikafifia. Kisanduku kikazima, kikawaka, kikaanza kuhesabu upya kana kwamba ndoo iko chini kabisa. Kikaendelea kuvuta. Kwenye skrini, ndoo ikapita mdomo wa duara, ikagonga puli ya juu.

Ilikuwa ndoo ya kuigiza tu. Nililia kama vile ndani yake mlikuwa na mtu.

Kosa lilikuwa kwenye sehemu yangu, baba mdogo. Ileile uliyoniamini.

Nimeirekebisha. Umeme ukiyumba, kisanduku kinashika breki kwanza, na hakiamini hesabu yoyote mpaka ndoo ishushwe taratibu iguse swichi ya chini. Nimewasha na kuzima ile grenda mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia. "Wewe mtoto, unakata nini kutwa nzima?" Nikamwambia, hewa.

Kumwambia Mzee Sanga "bado" kulinichukua asubuhi yote. Unajua sauti yangu ilivyo kwenye simu. Akasema, "Baba yako mdogo naye alikuwa hivyohivyo. Haya, tutaendelea na kamba."

Kesho nakwenda. Nimemwomba kwanza tupandishe mawe matupu, karasha likiwashwa katikati ya safari, tena na tena. Kisha mimi. Buti zako zinanipwaya, nitavaa soksi tatu. Hofu haijaondoka. Siku hizi siombi hata iondoke yote.

Pumzika, baba mdogo. Nakuahidi hatashuka mtu kwa kisanduku changu kabla yangu.

Nikirudi, nitakalia kiti chako.

Mwanao,
Neema