Nyota Yenye Ulihesabu Moja

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Bagira tuko wazima. Papa yako anakusalimu, shangazi yako pia. Unaniandikia kama ulisema mbele ya darasa kwamba ile nyota ya kundi la Mapasa, wale pacha wa mbinguni, iko moja, kumbe ziko sita zinazungukana. Walikucheka, na sasa unataka kuacha masomo. Unauliza: «Nyanya, wewe ulishakosea hivyo?»

Mimi, mama mapasa muzima! Kule Idjwi mukunga aliweka sikio kwa tumbo yangu, akasema: «Maman, iko moja, tena mukubwa!» Nikajisifu kisiwa kizima. Papa yako akazaliwa, babu yako akapanda mutumbwi kupeleka habari: mutoto moja! Alipofika ng'ambo, shangazi yako alikuwa ananyonya tayari. Nilipasua kitenge changu, nikawafunika wote wawili.

Watu walimucheka yule mukunga. Kesho yake nilimuona kwa jirani, anasikiliza tumbo ingine, na safari hii alikawia sana.

Rudi mu darasa, mama. Nilishaambia Bagira yote kama mujukuu wangu anajua nyota. Usinifanye muongo.

Nyanya yako